Vipande Visivyo na Mbolea

Jina la Sentimita alipewa na vibarua wenzake mwaka wake wa pili katika kituo cha utafiti wa mbegu, siku aliyowafukulisha mistari minne mizima kwa sababu mashimo yalikuwa yamepishana kwa upana wa kidole gumba. Walimtukana kwanza, wakafukua, wakapanda upya, na walipokuwa wananawa mikono bombani mmoja wao akasema, "Huyu hata mkewe humlaza kwa kamba. Sentimita ishirini na tano kutoka ukutani, wala asisogee." Wakacheka hadi wakakaa chini. Jina likaganda. Miaka kumi na mitano baadaye hata karani wa mishahara alikuwa akiandika Sentimita, halafu anakata, halafu anauliza, "Hivi wewe jina lako hasa ni nani?"

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sugu magotini kwa kupiga magoti udongoni, na masomo yake yaliishia shule ya msingi. Lakini ukitaka kujua mahindi yanataka nini, ungefanya vizuri kumuuliza yeye kabla ya wenye shahada, maana wenye shahada walikuja na kuhamishwa, yeye akabaki shambani. Alivuta kamba yenye alama nyekundu kila sentimita ishirini na tano na alama za bluu kila hamsini. Alipanda, alipalilia, alihesabu mabua, alivuna, akapandisha mahindi kwenye mizani na kusoma namba kwa sauti huku Daktari akiandika.

Daktari huyo hakuwa wa kuchoma sindano. Alikuwa mtafiti mkuu wa mahindi, mtu mpole wa miwani ambaye hakuwahi kumfokea kibarua hata mara moja, na hilo ndilo lililofanya iwe kazi ngumu kumchukia.

Kwa misimu minne walifanya jaribio moja tu. Shamba liligawanywa vipande, kila kimoja ukubwa wa chumba cha darasa. Katika vipande vingine mahindi yalipandwa mbalimbali, kwa nafasi ya zamani, kama wakulima wa pale walivyozoea kupanda kwa kupima hatua. Katika vingine yalibanwa: mstari na mstari sentimita sabini na tano, shimo na shimo ishirini na tano, mche mmoja kila shimo. Kisha nusu ya vipande vya kila aina ikapewa mbolea kamili, ya kupandia na ya kukuzia. Nusu nyingine haikupewa hata chembe.

Penye mbolea, mahindi yaliyobanwa yaliwatia aibu wenzao. Kwa hesabu ya ekari, nafasi ya zamani ilitoa magunia kumi na mawili, ya kubana ikatoa ishirini na mbili. Daktari alipoziona namba hizo alimkumbatia Sentimita na vumbi lake lote. Lakini pasipo na mbolea mambo yaligeuka kichwa chini miguu juu. Yaliyopandwa mbalimbali yalitoa magunia sita. Yaliyobanwa yalitoa matatu, na hayo matatu ni ya kuokoteza. Mabua yalijipanga mengi, membamba kama njiti, na ukivunja gunzi la kwanza, la pili, la tatu, unakuta ganda tupu. Sentimita hakuhitaji kueleweshwa na mtu. Sufuria ya ugali ni ileile, unga ni uleule, na wewe umealika wageni mara mbili na zaidi. Wote watakaa mezani, wote watanyoosha mikono, na wote watalala njaa. Misimu yote minne ikawa hivyohivyo.

Msimu wa nne ulipokwisha kikatoka kipeperushi. Ukurasa mmoja, karatasi ya kung'aa, na picha ya mkulima aliyecheka mpaka magego yakaonekana. Juu yake: BANA NAFASI, ONGEZA MAVUNO. Chini vikaandikwa vipimo, na kwamba kila ekari inataka mifuko miwili ya mbolea ya kupandia na miwili ya kukuzia. Sentimita alikisoma mbele, akakigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

Alimfuata Daktari stoo, akamkuta anapanga mifuko ya mbegu.

"Daktari, samahani. Vile vipande visivyo na mbolea mbona havimo?"

"Havimo wapi?"

"Humu. Mtu asiye na mbolea akibana mahindi namna hii, si tunamzika?"

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Sentimita, mkulima ukimpa mambo mawili anachanganyikiwa. Mpe moja. Abane, aweke mbolea, basi."

"Na akiikosa?"

"Mwaka huu haikosekani. Mbolea ya ruzuku inakuja. Barua nimeiona kwa macho yangu."

"Barua umeiona. Mbolea je?"

Daktari akacheka, akampiga begani. "Wewe ungekuwa wakili ungewanyoosha watu. Hebu niambie, unavaa koti saizi gani? Siku ya wakulima wewe ndiye utakayewaonyesha kamba."

Hapo ndipo Sentimita alipozibwa mdomo. Hakutishwa, hakuhongwa. Alipewa koti. Mtu amefanya kazi miaka kumi na saba akiwa amegeuzia mgongo barabara, wageni wanapita, wanapiga picha mahindi na kumwambia asogee kidogo anaziba jua. Leo anaambiwa asimame mbele. Ni wangapi wangekataa? Ndivyo wanavyotupata, na wala hawahitaji rungu.

Siku ya wakulima watu walijaa uwanjani hadi kwenye uzio. Koti lilikuwa jeupe, mikono yake imeishia chini kidogo ya viwiko, na mgongoni liliandikwa MTAALAMU. Sentimita alivuta kamba, akachimba, akapanda mstari mmoja mbele za watu, akashika kipaza sauti na kueleza vizuri kuliko Daktari mwenyewe. Watu walipiga makofi. Halafu mkono ukanyooka katikati ya akina mama, na yeye akautambua kabla hajauona uso. Alikuwa dada yake mdogo.

Dada huyu alikuwa mjane. Alikaa ng'ambo ya mto na binti zake wawili, akilima ekari moja aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ekari ile ilimpa magunia sita kila mwaka usio na balaa, akala, akauza kidogo, akafunga mkanda miezi miwili ya mwisho, akafika. Alipakana na mwenye mashine ya kusaga, ambaye watu walimwita Mzee Mashine, na ambaye alikuwa akiimezea mate ekari ile tangu siku ya mazishi. "Siku ukichoka, shemeji, mimi nakodi," humwambia kila wakikutana. Dada hujibu, "Siku nikichoka nitakufa, shemeji, utakodi na kaburi."

Sasa alisimama. "Kaka," akasema, "aah, samahani. Mtaalamu." Watu wakacheka, naye akacheka. "Hiyo mbolea sisi wengine tunaisikia redioni tu. Asiyekuwa nayo apande vipi?"

Sentimita alilijua jibu. Alilijua kwa magunia na kwa kilo. Akamtazama Daktari, na Daktari akamwitikia kwa kichwa huku akitabasamu, kama mwalimu anayemtia moyo mwanafunzi wake bora.

"Mbolea inakuja," akasema kwenye kipaza sauti.

"Lini?"

"Inakuja, dada. Wewe bana tu."

Makofi yakapigwa tena.

Wiki iliyofuata, mvua ya kwanza ilipolowanisha udongo, aliomba ruhusa ya siku mbili akavuka mto kwenda kumsaidia kupanda. Walipofika shambani akajikaza, akasema kama mtu anayetupa neno la kupita, "Unaonaje tukibana nusu tu? Nusu nyingine upande kwa hatua zako za zamani."

Dada akamwangalia. "Kwa nini?"

"Basi tu. Kwa tahadhari."

"Kaka, watu wote hawa umewaambia wabane. Ina maana yale yalikuwa ya wenzangu, mimi una yangu pembeni?" Akachukua jembe. "Mimi mtaalamu yeyote ningemkatalia. Hawa wa pikipiki wanaopita na makaratasi nimeshawafukuza wengi. Nabana kwa sababu umesema wewe. Vuta kamba."

Akaona haya, akavuta kamba. Walipanda ekari nzima, shimo kwa shimo, ishirini na tano, ishirini na tano, binti wawili wakifukia kwa miguu. Kwa uzuri wa kazi ile ungeweza kuipeleka kwenye maonyesho.

Mbolea ya kupandia haikuja. Wakaambiwa lori liko njiani. Wiki ya tatu wakaambiwa kuna sahihi moja inasubiriwa. Wakati huo mahindi ya dada yalikuwa yamefunga mistari, kijani mtupu, huwezi kuona udongo. Hapo ndipo kubana kunapomdanganya mtu: mahindi yakiwa machanga hayajaanza kugombania chochote, na shamba lililojaa linapendeza kuliko lenye nafasi. Watu walikuja kutoka mbali kulitazama. Mzee Mashine mwenyewe alisimama kwenye mpaka akaguna, "Shemeji, hili sasa ni shamba." Dada alianza kusema kwamba mwaka huu atabadilisha mabati.

Sentimita alikuja wiki ya tano, Jumapili asubuhi. Hakutazama kijani. Aliinama akatazama majani ya chini, na akaona alichokuwa anakiogopa: manjano iliyoanzia kwenye ncha ya jani na kushuka katikati yake kama mkuki. Mahindi yalikuwa yameanza kujila yenyewe. Lakini muda ulikuwepo bado. Yakipunguzwa sasa, ukang'oa mche mmoja ukaacha mmoja, yaliyobaki yangepata cha kula. Asingepata ishirini na mbili wala kumi. Angepata matano, labda yake sita, na ekari ingebaki mikononi mwake.

"Tung'oe," akamwambia.

"Tung'oe nini?"

"Mmoja tubakize, mmoja tung'oe. Shamba zima."

Dada akacheka. "Umekunywa chai kweli leo? Ngoja nikuletee maji." Akaingia ndani.

Sentimita hakungoja. Alijua akianza maneno atashindwa, kwa sababu hakuna mwanamke pale, wala mwanamume, aliyewahi kung'oa muhindi mzima usio na ugonjwa. Mkono wenyewe unakataa. Alishika wa kwanza chini kwenye shina, akavuta. Akaruka wa pili, akavuta wa tatu. Alikuwa na mikono myepesi, kazi ya miaka. Dada alitoka na kikombe akakuta mistari mitatu imekwisha punguzwa na kaka yake ameingia wa nne.

Kikombe kilianguka. Alimshika shati kwa nyuma, akamvuta hadi vifungo vikakatika.

"Wewe! Umerogwa? Wanangu wamekukosea nini?"

"Nisikilize kwanza."

"Nikusikilize? Mwezi uliopita bana, leo ng'oa! Kesho utaniambia nile udongo!"

Mpakani Mzee Mashine alikuwa ameshafika. "Mtaalamu," akaita, "leo tunajifunza somo gani?"

"Bila mbolea haya hayazai," Sentimita akasema, akihema. "Yakibanana hivi hayazai, dada. Nimeyapima miaka minne."

Dada akamwachia shati. Akauliza polepole, "Miaka minne?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza, mbele za watu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na siku tunapanda hapa."

Sentimita akautazama mche uliokuwa bado mkononi mwake.

"Basi sikiliza," dada akasema, na sauti yake haikupanda. "Siku ulipokuwa na koti na kipaza sauti ulinidanganya. Leo umekuja na shati lisilo na vifungo, nikuamini kwa lipi? Nitajuaje kwamba leo hujatumwa tena? Toka shambani kwangu."

Alitoka. Kutoka barabarani aliwaona dada na binti zake wakiokota miche aliyoing'oa na kuirudishia ardhini mmoja mmoja, wakiimwagilia kwa kopo. Muhindi wa wiki tano ukishang'oka haurudi. Ilinyauka yote siku ya tatu.

Mbolea ilifika mahindi yakiwa yametoa mbelewele. Ililetwa kwa malori mawili yenye vitambaa, kukawa na hotuba, na wakubwa wakapigwa picha wakimkabidhi mjane mmoja mfuko. Mjane mwenyewe alikuwa dada huyo. Alimwaga ile mbolea shambani, maana angeipeleka wapi, na ni kama kumlisha aliyekwisha kata roho.

Kuvuna alisaidiwa na wifi yake, mke wa Sentimita, ambaye alirudi jioni, akavua kitambaa kichwani, akakaa. Sentimita akamuuliza, naye akajibu. "Magunia mawili na nusu. Na ile mistari yako mitatu ilizaa. Kila bua gunzi, limejaa hadi kwenye ncha. Tuliivuna yeye na mimi. Hakusema neno, aliweka kwenye kapu lake peke yake, akalibeba."

"Hakusema kitu kabisa?"

"Alisema kapu zito."

Mwezi uliofuata kituo kilifanya tathmini. Sentimita alipewa rundo la fomu akavuka mto tena, nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na mahali pameandikwa *Sababu ya mavuno duni*, na visanduku vitatu vya kutia alama: ukame, wadudu, mkulima hakufuata maelekezo. Mvua ilinyesha vizuri. Wadudu hawakuwepo. Mlango kwa mlango ikabaki sababu moja, na wakulima thelathini na mmoja, waliofanya kila walichoambiwa, wakawa ni watu wasiofuata maelekezo. Sentimita alitia alama kwao, Mungu amsamehe. Alipofika kwa dada yake akashindwa.

Dada hakumkaribisha ndani. "Soma hiyo," akamwambia mlangoni. Akamsomea. "Sasa tia," akasema dada. "Mbona kalamu imesimama? Tia."

Sentimita hakutia alama popote. Aliandika pembeni kwa mwandiko wake mkubwa wa shule ya msingi: *Amefuata maelekezo yote aliyopewa. Hakupewa yote.*

Karani wa takwimu aliitenga fomu ile kwenye faili la fomu zilizoharibika, kwa hiyo haikuingia kwenye jumla. Daktari alimwita ofisini, akamwekea kiti, akamwambia kwa upole uleule kwamba anamwelewa, kwamba ni dada yake na inauma, lakini sayansi haifanywi kwa uchungu wa mtu mmoja.

"Misimu minne Daktari," Sentimita akasema. "Namba nilikusomea mimi. Hizo nazo zilikuwa uchungu wangu?"

Daktari akavua miwani, akaifuta. Kipeperushi kilichapishwa tena, rangi mpya, mkulima yuleyule.

Dada alimkodishia Mzee Mashine ekari yake kwa miaka mitatu. Mzee alikuwa na mbolea yake, aliinunua mjini kabla ya mvua. Alibana nafasi kama kipeperushi kilivyosema, na alipata vizuri sana. Picha yake ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi.

Msimu ulipoanza, kituo kilitangaza kazi za vibarua wa kupanda. Asubuhi ya kwanza Sentimita alikuwa amepiga vigingi na kukaza kamba wakati kundi la akina mama lilipoingia getini, na dada yake alikuwa wa nne. Alikuwa na jembe lake mwenyewe. Alipewa ndoo ya mbolea na kifuniko cha soda cha kupimia, akasimama kwenye mstari.

"Kimoja kila shimo?" akauliza, bila kumtazama.

"Kimoja."

"Kijae?"

"Kijae, dada."

Akachota, akasawazisha kwa kidole, akamimina, akasogea. Akafika kwenye alama nyekundu, akachota tena. Alifanya kazi safi, kumshinda yeyote aliyekuwepo. Walipomaliza kipande cha tatu alinyoosha mgongo, akaangalia shamba lote hadi kwenye uzio. Kwenye kichwa cha kila kipande palikuwa na mfuko wa mbolea.

"Vile vipande vya watu kama mimi viko wapi?"

"Vipi hivyo?"

"Visivyo na mbolea. Ulivyovipima miaka minne."

Sentimita alikaza kamba ambayo ilikuwa imekaza tayari. "Mwaka huu vimeondolewa. Daktari anasema vilishatoa jibu."

Dada akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya kitu asichokusudia kununua. Akachota mbolea, akaisawazisha kwa kidole, akamimina.

"Vuta kamba, mtaalamu," akasema. "Unachelewesha watu."